Aranet4, kipima hewa ukaa cha laki sita: inachokiona na isichokiona

Kwa wenye haraka niseme mapema. Kama unafundisha, una ofisi yenye AC au unalala chumba kilichofungwa kila upande, hii kitu ni halali ya hela yake. Ila kama unataka uwe unapost kila asubuhi eti CO2 ya Dar leo ni ngapi ili watu waogope mabadiliko ya tabianchi, hela yako peleka kwingine, haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na sababu yake ntaieleza huko chini maana ndo sehemu iliyonifanya niandike hii review ndefu badala ya kuweka nyota tu nikasepa.

Aranet4 inatengenezwa Latvia na kampuni inaitwa SAF Tehnika. Ni kijiboksi cheupe kinaingia mfukoni, skrini yake ni ile ya wino kama ya kusomea vitabu, haina mwanga wala makeke, inatumia betri mbili zile za saa ya ukutani na zinadumu kweli, mi bado natumia zilizokuja nayo. Inakuonesha hewa ukaa kwa ppm (yani katika chembe milioni moja za hewa, ngapi ni CO2), joto, unyevu na presha ya hewa. Unaiunganisha na simu kwa bluetooth unaona grafu ya siku zilizopita. Kuna alama ya kijani, njano na nyekundu kwa asiyetaka namba. Bei mtandaoni ni dola mia mbili na ushee, ukiweka mtu wa mizigo na kodi unaikuta laki sita na kitu. Najua. Hata mama watoto alikaa kimya kwanza, alafu akauliza kama inapika.

Mi nina chumba cha tuisheni Tabata, fizikia na hesabu, jioni. Zamani kilikuwa na madirisha ya nako, hewa inapita muda wote, joto lake we acha tu. Mwenye nyumba akaweka madirisha ya aluminiamu na AC ya kugawa (split), wazazi wakafurahi, na hapo ndo nilipoanza kuona watoto wanasinzia saa kumi na mbili jioni wakati somo ni tamu. Nikaiweka Aranet kwenye meza. Wameingia namba ipo mia sita na kitu, nusu saa ishapita elfu na mia tano, saa nzima ikagonga elfu mbili na mia saba, nyekundu. Nikafungua madirisha mawili yanayotazamana, AC ikiwa inawaka, ndani ya dakika chache ikarudi chini ya elfu. Yani hapohapo. Sidai kuwa kusinzia kote ni hewa, mtoto kaamka saa kumi alfajiri, kala wali maharage mchana, atasinzia tu hata ukimpeleka ufukweni. Lakini tofauti niliiona.

Kitu ambacho wengi hawakijui, na mi naona hiki peke yake kinarudisha nusu ya hela: AC ya kugawa haileti hewa mpya. Inachukua hewa ya humohumo ndani, inaipoza, inairudisha. Kile kiboksi cha nje kinatupa joto tu, hakivuti hewa ya nje kuja kwako. Pumzi ya mtu inatoka na CO2 kama asilimia nne, ambayo ni ppm elfu arobaini, sasa wajaze watu ishirini ndani ya chumba kilichozibwa, wapooze vizuri, wapo wanavuta pumzi za wenzao kwa raha zao. Na ndo maana wakati wa korona hivi vidude vilinunuliwa sana Ulaya kwa ajili ya madarasa, maana CO2 ikipanda ujue hewa iliyotoka kwenye mapafu ya watu imerundikana, pamoja na chochote kilichomo.

Nimeipeleka sehemu kibao. Chumbani kwangu usiku, mlango umefungwa, AC, watu wawili na mtoto, asubuhi inasoma juu ya elfu mbili. Nikiacha mlango wazi haifiki elfu moja na mia mbili. Daladala yenye madirisha wazi, hata ijae vipi, inacheza mia saba mia nane, kero ya daladala ni nyingine. Iliyonishtua ni basi moja la mikoani la usiku, yale ya kisasa, vioo havifunguki, limejaa, namba ikapita elfu tatu na nusu ikakaa hapohapo mpaka tuliposimama kula. Jina la kampuni sitaji. Msikitini Ijumaa, chini ya mapangaboi na milango wazi, chini ya mia tano hamsini, safi kabisa.

Sasa onyo kubwa, na naomba msilipite: hii kitu HAIPIMI kaboni monoksidi. CO2 na CO ni vitu viwili tofauti. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa zote mbili, ila inayoua usingizini ni CO, haina harufu, inaua ikiwa kiasi kidogo sana ambacho Aranet haiwezi kujua kama kipo. Kuna mtu ataona imesoma elfu moja na mia nane aseme aah hii ni kama ya darasani tu, alale. Usifanye hivyo. Jiko litolewe nje, nukta. Kengele ya CO ni kifaa kingine na ni bei rahisi kuliko hiki. Vilevile haipimi moshi wala vumbi, zile chembe ndogo za PM2.5. Ukichoma taka nyuma ya nyumba utakohoa mpaka machozi na yenyewe itakaa kijani inakuangalia. Kwa chembe kuna watu kama AirQo pale Chuo Kikuu cha Makerere Kampala, wanatengeneza vipimo vyao wenyewe vinavyostahimili vumbi na joto la huku kwetu, na app yao unaangalia bure.

Tuje kwa vile vya bei rahisi. Kariakoo na kwenye maduka ya mtandaoni vimejaa, elfu sitini, elfu themanini, skrini ya rangi, vina CO2, vina formaldehaidi, vina PM, vina saa, karibu vina na redio. Jamaa yangu mwenye duka la vifaa vya umeme alikuwa nacho kimoja kwenye shelfu, tukaviweka pamoja kaunta. Ukikipulizia pumzi kinapanda vizuri tu, kwa hiyo kwa mtihani wa kupuliza kinafaulu. Basi nikachukua sanitaiza nikapaka mikononi karibu navyo. Kile cha shelfu kikaruka kutoka mia nne hamsini hadi elfu mbili na zaidi, Aranet haikutikisika. Tukajaribu na pafyumu, hivyohivyo. Maana yake kile hakina sensa ya CO2 kabisa, kina sensa ya mvuke wa kemikali, alafu kinakisia CO2 kwa hesabu, na kwenye skrini wanaandika CO2 bila haya. Mama ntilie akikaanga vitunguu jirani utaambiwa hewa ukaa imefika elfu tano. Kwa hiyo ukienda dukani nenda na sanitaiza mfukoni, ndo mtihani wa bei rahisi kuliko yote.

Sensa ya kweli inatumia taa ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. CO2 inameza mwanga wa infraredi wa urefu fulani wa wimbi, karibu maikromita 4.26, naitrojeni na oksijeni haviugusi. Unawasha taa upande mmoja, unapima upande wa pili umefika mwanga kiasi gani, kilichopungua kinakuambia CO2 ipo kiasi gani. Na hii ndo tabia ileile inayoifanya iwe gesi joto, inameza infraredi inayotoka ardhini isiende zake angani. Nikiwaeleza wanafunzi hapa huwa wanaamka wenyewe bila kufungua dirisha.

Na si teknolojia ya jana. Mwaka 1958 Charles David Keeling, mkemia wa taasisi ya bahari ya Scripps kule California, aliweka mashine ya infraredi juu ya volkano ya Mauna Loa, Hawaii, kwenye mita karibu 3400. Mwezi Machi mwaka huo ikasoma 313. Tangu hapo wanapima mpaka leo. Wastani wa 2024 pale ni kama 424 na nusu, na Mei 2025 wastani wa mwezi ukapita 430 kwa mara ya kwanza. Kabla ya viwanda dunia ilikuwa kwenye 280 hivi, hilo linajulikana kutokana na viputo vya hewa vilivyofungiwa kwenye barafu ya Antaktika.

Sasa mtu atauliza, kama mimi nina infraredi na Keeling alikuwa na infraredi, kwa nini namba yangu ya Tabata isiwe data ya tabianchi? Hapa ndo nilipotaka kufika.

Fikiria mizani ya sokoni. Muuza nyama ana mizani, na we una imani nayo kwa sababu kuna mtu wa Wakala wa Vipimo anapita na mawe yake anaikagua, na yale mawe nayo yamekaguliwa na mengine mpaka juu kabisa. Mizani bila jiwe la kulinganisha ni chuma tu. Mauna Loa wana mawe yao: ni mitungi ya hewa. Kuna mlima Colorado unaitwa Niwot Ridge, wanajaza hewa ya pale kwenye mitungi ya alumini, inakaushwa, alafu maabara ya NOAA (shirika la Marekani la bahari na anga) mjini Boulder inapima imebeba CO2 kiasi gani hasa, na hiyo ndo skeli ambayo vituo vya Shirika la Hali ya Hewa Duniani vinaifuata. Mashine kule mlimani kila mara inapewa hewa ya mtungi ijisahihishe. Lengo lao ni kwamba vituo vya dunia vipishane si zaidi ya 0.1 ppm. Moja ya kumi! Aranet yangu kwa maelezo ya watengenezaji inaweza kukosea kwa ppm 30 na asilimia 3 juu yake. Dunia nzima mwaka 2024 CO2 iliongezeka kwa 3.5 ppm, ongezeko kubwa kuliko yote tangu vipimo vya kisasa vianze, na ongezeko hilo lote lingepita mbele ya kidude changu kisione chochote.

Na hata kingekuwa sahihi, mahali penyewe ni pabovu. Usiku barazani kwangu inasoma 460, 480, kwa sababu hewa ya chini imetulia, miti inapumua, magari ya Mandela Road, majiko ya majirani. Mchana jua likipiga na upepo wa bahari ukiingia inashuka. Keeling mwenyewe kabla ya Hawaii alizunguka sana porini California na chupa zake, akaona usiku namba zinaruka ruka ila mchana zinakuja zote kama 310 kila alikokwenda, ndo akajua kuna hewa ya dunia na kuna hewa ya jikoni kwako. Akapanda mlimani kuifuata ya dunia. Na hata huko upepo ukileta gesi za volkano wanazitambua na kuzitoa kwenye hesabu.

Ila kitu ambacho hata wenye hivi vidude hawakifikirii ni hiki. Aranet, kama vipima vingine vya aina hii, inahitaji kusetiwa. Unaitoa nje kwenye hewa safi, inakaa, alafu inajiambia hii hapa ndo hewa ya nje, tuite mia nne na kitu. Hiyo mia nne na kitu imetoka wapi? Imetoka kwa wale wa Mauna Loa na wenzao. Yani kila ukibonyeza kalibresheni barazani kwako, unakopa namba ya watu walioko mlimani. Na namba yenyewe inazeeka, vipima vingi vilitengenezwa vikiamini nje ni 400, lakini Mauna Loa ilishapita 400 mwaka 2013, sa hivi tofauti imeshafika ishirini na kitu na kila mwaka inaongezeka mbili tatu. Bila wale, vidude vyote hivi vitabaki vinabahatisha polepole na hakuna atakayejua.

Na wale nao wanaishi kwa kudra. Mwaka 1964 pesa zilikatwa, vipimo vya Mauna Loa vikasimama miezi kadhaa, pengo lake lipo mpaka leo kwenye grafu. Novemba 2022 volkano ikalipuka, lava ikakata barabara na umeme, ikabidi wakapime mlima wa jirani, Maunakea. Na kwenye bajeti ya Marekani ya 2026 kulikuwa na pendekezo lililotaka kufuta hela za maabara hizo. Huku kwetu Kenya walifungua kituo mwaka 1999 ubavuni mwa Mlima Kenya, mita 3678, kikisaidiwa na Waswisi, kikapima ozoni na gesi nyingine, na kwa miaka kadhaa chupa za hewa ya pale zilikuwa zinasafirishwa hadi Boulder kupimwa. Ila kukiweka kituo hai kwenye mlima ambao umeme ni wa shida si mchezo. Rwanda nao wanacho juu ya mlima Mugogo, walishirikiana na MIT, chuo cha Marekani. Hivi viwili ni hazina, maana ukiangalia ramani ya vituo vya dunia, Ulaya imejaa vidoti na Afrika unahesabu kwa vidole.

Nikitaja ozoni, kuna kitu Nairobi nakikubali sana. Dagoretti, pale kwa watu wa hali ya hewa, wanarusha puto kila wiki tangu 1996. Linabeba kikopo chenye maji ya iodaidi ya potasiamu, ozoni ikiingia inazalisha umeme kidogo, umeme huo unatumwa chini kwa redio, linapanda mpaka kilomita thelathini hivi likapasuka. Ni moja ya rekodi chache za ozoni za namna hiyo karibu kabisa na ikweta. Hakuna app, hakuna bluetooth, na inafanya kazi ya maana kuliko laki sita yangu.

Mambo madogo ya kumalizia. Kuseti kunaweza kuwa kwa mkono au automatiki. Hii automatiki inadhani kwamba ndani ya siku kadhaa lazima chumba kitapata hewa ya nje angalau mara moja, inachukua namba ya chini kabisa inaiita ya nje. Kwa nyumba ya nako ni sawa, inapata hewa ya nje kila siku. Kwa ofisi iliyozibwa isiyofunguliwa kamwe, itaanza kukudanganya kwenda chini taratibu, utaona kijani huku unasinzia. Mi natumia ya mkono, naitoa nje mchana wenye upepo, mbali na watu, siipumulii.

Na wa Arusha, Mbeya, Njombe mnisikilize. Sensa ya infraredi inahesabu molekuli zilizopo kwenye kijichumba chake, na huko juu hewa ni nyepesi, molekuli ni chache. Kipima ambacho hakirekebishi presha ukikipeleka Arusha mjini kitakusomea nje kama 360. Dunia ilikuwa kwenye 360 mwaka 1995, sasa usije ukadhani Meru inasafisha hewa. Ukinunua chapa nyingine hakikisha ina sehemu ya kuingiza mwinuko wa mahali ulipo.

Kelele haina, mwanga haina, haiulizi wifi, haikulazimishi kufungua akaunti ndo uone namba yako. Skrini gizani husomi kitu bila tochi ya simu. Ingekuwa na kitaa kidogo ningefurahi. Kwa shule, chukueni moja mzungushe darasa kwa darasa, hakuna haja ya kununua kumi, ukishajua dirisha gani likifunguliwa namba inashuka umemaliza kazi ya chumba hicho.

Nyota nne. Moja nimebania kwa sababu ya bei, laki sita kwa mwalimu si utani. Ukipata iliyotumika nunua, ila kabla hujatoa hela itoe nje ya duka, iache kwenye kivuli penye upepo kama robo saa bila kuisogelea, ikikaa kati ya 400 na 460 chukua, ikisoma 700 mwambie muuzaji aisetie kwanza, na kama hajui unaongelea nini mshushe bei.